Kitambulisho usimwachie mlinzi (kwa dogo aliyemaliza intanshipu akaambiwa "tutakupigia")

Dogo simama hapo hapo kwanza. Umeandika umemaliza intanshipu ya miezi sita Ijumaa, kitambulisho cha ofisi bado unacho, supavaiza kakwambia "tulia tutakupigia", sasa unauliza usubiri wiki ngapi ndo uulizie, utumie imeili au WhatsApp, na wakikuita utaje mshahara gani. Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, unasema kuna watu wa Tegeta wanataka uanze tarehe moja ila unafikiria kuwakatalia kwa sababu hawa wa kwanza "wameshakuahidi". Nilivyofika hapo nikaweka kikombe chini.

Mimi nilikatalia watu wangu wa Tegeta. Kwangu ilikuwa Mikocheni lakini ni kitu kile kile.

2019 nilikuwa intani kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo pale Kurasini. Asubuhi ofisi za meli kufuata delivari oda (karatasi ya kuruhusu mzigo utoke), mchana bandarini jua la utosi nasubiri kontena likaguliwe, jioni naingiza nyaraka TANCIS, mfumo wa forodha wa kwenye kompyuta, mpaka macho yanaona nyota. Posho elfu kumi kwa siku, nauli na wali maharage ndani yake. Na kazi niliiweza, hilo sijisifii, walikuwa wananituma peke yangu.

Sasa wiki ya mwisho nikamuuliza yule kaka niliyekuwa chini yake, vipi kuhusu mimi? Akanishika bega kabisa: "Dogo tulia, nafasi yako ipo, usiende kumsumbua meneja utaonekana una njaa." Nikamwamini! Mtu ana miaka saba pale, ana funguo za stoo, nani asingemwamini. Siku ya mwisho nikapita getini nikamwachia mlinzi kitambulisho, nikapanda daladala, nikaenda nyumbani kusubiri simu. Hilo ndo kosa lenyewe, mengine yote yametokea hapo.

Ilikuwa mwezi wa nane. Wa tisa nikasubiri. Simu naingia nayo bafuni nimeifunga kwenye mfuko wa rambo. Namba ngeni ikipiga nasimama wima kama naimba wimbo wa taifa, kumbe ni mtandao wananiuzia wimbo wa kuwasikilizisha wanaonipigia. Mama anawaambia majirani "yuko likizo fupi". Likizo ya miezi minne hata mbunge hapati. Katikati ya hapo ndo watu wa Mikocheni wakaniita, laki nne na nusu, nikawaambia asanteni nina sehemu nasubiria. Laki nne na nusu, jamani! Nikihesabu sasa hivi bado naumwa tumbo. Nikimtumia yule kaka meseji ananijibu "mambo yanaiva" na kidole gumba. Mambo gani yanaiva miezi minne, makongoro?

Mwezi wa 12 nikajikaza nikaenda. Mlinzi ananijua, tulikuwa tunakula naye mihogo, ila siku hiyo ananiuliza una miadi na nani. Bahati meneja wa operesheni akawa anatoka, akaniona, na alichosema sijakisahau mpaka leo: "Kijana, ulipotelea wapi? Sisi tulijua umeshapata kazi."

Kumbe hesabu zao zinaanza Januari mpaka Disemba, kwa hiyo mwezi wa kumi kila mkuu wa idara anapeleka orodha ya watu anaowahitaji mwakani. Yule meneja aliomba nafasi mbili. MBILI. Akauliza yule kijana wa bandarini bado anataka kazi? Hakuna aliyejua. Namba yangu hana, kwenye imeili yake sipo, na yule kaka wa "tulia" kwenye kikao hicho haingii hata kwa dirisha. Nafasi moja akapewa binti aliyekuja nyuma yangu, ambaye yeye alimfuata meneja ofisini akamwambia mzee mimi nataka kubaki. Sentensi moja hiyo. Mimi nilikuwa bafuni na simu kwenye rambo.

Wanasema ahadi ni deni, sawa, ila deni la mtu asiye na mfuko unamdai wapi? Yule kaka hakuwa na hata kiti cha kumpa mtu, alikuwa ananipa alichonacho, yaani maneno. Na wale washauri wa mitandaoni wa "subiri wiki mbili kisha tuma ujumbe wa heshima" nao niwakute siku moja wanieleze.

Kwa hiyo achana na wiki ngapi. Muulize mwenye bajeti, uso kwa uso, na kisingizio cha kumfikia ni kitambulisho ambacho umesema bado unacho. Nenda kakirudishe KWAKE. Mwambie: "Shikamoo bosi, nimekuja kurudisha kitambulisho na kushukuru. Mimi nataka kubaki hapa. Nafasi ipo kwenye bajeti, na uamuzi unatoka lini? Nauliza kwa sababu kuna watu wananihitaji tarehe moja." Ukitoka hapo jioni hiyo hiyo umwandikie, bosi kama tulivyoongea, umesema utanijulisha kufikia tarehe fulani. Akishindwa kutaja tarehe, hilo nalo ni jibu.

(Hii ni kwa kampuni binafsi. Ingekuwa ofisi ya serikali ningekwambia kaangalie Ajira Portal, maana kule nafasi inatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba na kufanya usaili kama wenzako, bosi akupende asikupende.)

Na Tegeta NENDA. Anza kazi. Hawa wa kwanza wakija kukuita na mkataba wa maandishi mkononi, sio wa mdomo, unawapa Tegeta notisi unaondoka: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ndani ya mwezi wa kwanza notisi isipungue siku 7, ukishavuka mwezi na unalipwa kwa mwezi ni siku 28, na usome mkataba wako maana wenyewe unaweza kutaka notisi ndefu zaidi. Siku 28 unazivumilia. Miezi minne ya wimbo wa taifa huiwezi, nakwambia.

Kulikuwa na swali la mshahara nadhani, tutaongea ukishapata wa kumtajia.

Kesho nenda mapema kabla bosi hajaingia kikaoni. Na ukifika getini mlinzi akinyoosha mkono akasema "niachie hapa nitawapelekea", mkatalie, hata kama mmekula mihogo pamoja.