Faida iliyoahirishwa ya bima mtawanyo: maswali yenu

*Mwalimu, shikamoo. Kwenye mizania ya kampuni ya bima ya Marekani nimekuta "faida iliyoahirishwa" upande wa madeni. Faida imekuwaje deni? Msomaji, Ngamiani.*

Marahaba, mwanangu. Bima mtawanyo ni bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata kwa kampuni nyingine. Kwa kawaida hukatwa kwa majanga yajayo, lakini iko inayokatwa kwa majanga yaliyokwisha kutokea na madai yake bado yanadaiwa. Tuseme madai hayo ni shilingi bilioni 10, na mtawanyaji, yaani ile kampuni nyingine, anakubali kuyabeba kwa ada ya bilioni 8. Kanuni ya Marekani ya 1992 inakataza ile bilioni 2 kutangazwa faida siku hiyohiyo; hukaa kwanza upande wa madeni.

Nami naiona kanuni ya haki. Unadaiwa laki moja ya mbao, utalipa baada ya miaka mitatu. Leo unampa kaka yako elfu 80 akulipie siku ikifika. Kaka akikwama, mlango utakaogongwa ni wako. Ile elfu 20 unaipata kwa sababu umetoa fedha mapema, basi inakuja na muda. Vivyo hivyo, mtawanyaji akishalipa nusu ya zile bilioni 10, bilioni 1 huhesabiwa faida.

Hasara haisubiri. Ada ikizidi madai yaliyohamishwa, ile ziada huandikwa hasara palepale.

*Mstari huo unakua kila mwaka. Nifurahi? Mwenye hisa, Chumbageni.*

Usifurahi, ndugu yangu, kabla hujauliza umekua kwa nini. Mwishoni mwa 2016 The Hartford, kampuni ya bima ya Marekani, ililipa dola milioni 650 kwa mtawanyaji National Indemnity, ikapata kinga ya hadi dola bilioni 1.5 juu ya akiba iliyokuwa nayo kwa madai ya asbesto na uchafuzi wa mazingira. Ada yote iliandikwa hasara mwaka uleule. Baada ya hapo, madai hayo ya zamani yakipanda, ongezeko linahamishiwa kwa mtawanyaji, na hadi jumla ya milioni 650 halipunguzi faida. Jumla hiyo ikivuka milioni 650, ziada inawekwa kwenye faida iliyoahirishwa, na ongezeko hilo linapunguza faida ya mwaka huo. Kwa hiyo mstari kama huo ukinenepa, mara nyingi ni habari kwamba madai ya zamani yamezidi makadirio.

*Naweza kudai gawio kutokana nayo? Msomaji, Pangani.*

Hapana. Si fedha iliyo benki.

*Mbona hesabu za kampuni zetu hazina mstari huo? Mwanafunzi wa uhasibu, Tanga.*

Sisi tunafuata IFRS 17, kanuni ya kimataifa ya hesabu za mikataba ya bima, iliyoanza Januari 2023. Faida ya namna hii hukaa ndani ya thamani ya mkataba wa bima mtawanyo na kutolewa taratibu. Gharama ya majanga yaliyopita huandikwa mara moja. Fungua maelezo ya hesabu, sehemu ya mikataba ya bima mtawanyo, utazame salio la mwanzo na la mwisho wa mwaka.