Themostati ya waifai inataka waya wa C, nipitishe kebo gani?

SWALI: Habari fundi. Tumehamia nyumba ya zamani hapa Columbus, Ohio, inapashwa joto na hita ya gesi iliyoko besimenti. Themostati ya ukutani ina waya mbili tu, nyekundu na nyeupe, na mimi nimeshanunua ya waifai ambayo inataka waya wa C. Mume wangu ana kebo ya intaneti imebaki, anasema tupitishe hiyo. Halafu chumba cha juu kina hita ya umeme chini ya dirisha, nataka niifungie themostati kama hiyohiyo. Inawezekana?

JIBU: Dada, tuanze na hiyo ya juu kabla hamjashika bisibisi, maana ndo yenye hatari. Hita za namna hiyo huku Marekani nyingi ni za volti 240, na themostati uliyonunua ni ya volti 24, ukiifunga pale itaungua na inaweza kuwasha moto ukutani. Zimeni brika, pimeni kwa testa muwe na uhakika umeme haupo, ndo mfungue. Mkikuta waya nene zimeunganishwa kwa vile vifuniko vya plastiki vya kusokota, huo ni umeme mkubwa na unataka themostati iliyoandikwa volti 240. Na rangi zisiwadanganye jamani, kwenye saketi ya 240 waya mweupe nao una umeme, sio nyutro (waya wa kurudisha). Kebo ya geji 12 (geji ni kipimo cha unene wa waya, namba ikipungua waya unanenepa) kwenye brika ya ampea 20 (20A) inatosha hita za jumla ya wati 3840, zaidi ya hapo hapana, maana hita inahesabiwa asilimia 80 tu ya brika. Kazi hiyo mpeni fundi umeme mwenye leseni.

Ya besimenti mnaiweza wenyewe. Kule kuna transfoma inayoshusha umeme hadi volti 24, waya nyekundu (R) inapeleka umeme kwenye themostati na nyeupe (W) inarudisha amri ya kuwasha joto. Themostati ya zamani ilikuwa swichi tu so mbili zilitosha, ila ya waifai inakula umeme muda wote, inahitaji njia ya kurudi kwenye transfoma, na njia hiyo ndo C.

Kuhusu kebo ya intaneti, sikatai, themostati itafanya kazi nayo. Lakini uzi wake una unene wa kama nusu milimita, wa kebo ya themostati geji 18 unafika milimita moja, na ule mwembamba ukiukaza kwenye skrubu mara mbili tatu unakatika, halafu mnakuja kuhangaika usiku wa baridi kali hamjui tatizo liko wapi. Nunueni kebo ya themostati yenyewe, kila uzi shaba moja nzima isiyosokotwa, geji 18, ganda limeandikwa CL2 (daraja la kebo za umeme mdogo). Kwa joto peke yake zinatosha nyuzi tatu, mkiwa na AC, nyuzi tano, ila mimi ningepitisha yenye nyuzi nane, tofauti ya bei ni ndogo na siku mkiweka hitipampu (mashine moja ya kupasha na kupoza) hamtoboi ukuta tena. Zinazobaki zikunjeni nyuma ya themostati, msizikate.

Jaribuni kufunga kebo mpya kwenye ncha ya ile ya zamani kwa tepu halafu mtu avute taratibu kutokea besimenti. Ikigoma msilazimishe, kwenye nyumba za zamani mara nyingi imepigiliwa kwenye mbao ndani ya ukuta, hapo mtoboe njia mpya. Na msiipitishe bomba moja na nyaya za umeme mkubwa.

Kabla ya kuunganisha zimeni swichi ya hita ya besimenti. R ikigusana na C umeme ukiwepo, fyuzi ya kwenye bodi ya saketi ya hita inakatika, ni ndogo kama za gari, ya 3A au 5A, na kama bodi yenu haina fyuzi, itakayoungua ni transfoma yenyewe.