Diski ikiweka alama nyekundu, usiguse kitu kwanza

Nyie mnaoanza kujenga seva ya nyumbani kwa kompyuta kuukuu na diski nne tano, njooni hapa, mimi nishalia kwa niaba yenu.

Napiga video za harusi na send-off, nakaa Sakina hapa Arusha, kazi zangu zote ziko kwenye seva ya Unraid (programu ya kuendesha seva ya diski nyingi), diski nne za data na moja ya pariti. Usiku mmoja umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena, asubuhi nakuta diski ya tatu ina alama nyekundu. Cha ajabu mafaili yake bado yanaonekana. Pariti ndo inafanya hivyo: kwenye nafasi moja diski hii ina 1, ile 0, nyingine 1, basi pariti inaandika 0 ili idadi ya moja ibaki shufwa, ikifa mojawapo mashine inahesabu zilizobaki inajua kilichopotea ni nini. Ila pariti moja inafidia diski moja tu, zikifa mbili basi tena, unabaki na zilizopona.

Mimi nikaamua diski imekufa, nikanunua mpya, nikazima nikawasha mara tatu kwa papara, mara naona imeandikwa haisomeki na pembeni kuna kitufe cha kufomati. Nikabonyeza jamani. Kumbe ukifomati pale pariti nayo inaandikwa upya kwamba diski ni tupu, kwahiyo nikajengewa utupu kwa ufundi mkubwa kabisa, na ndani yake kulikuwa na harusi ya Moshi ambayo mama wa bibi harusi alikuwa ananipigia kila siku, "mwanangu, CD yetu vipi?"

Kilichotakiwa ni kukagua na kutengeneza mfumo wa mafaili (ule mpangilio unaoifanya diski isomeke), sio kufomati.

Aliyeniokoa ni bwana mdogo mmoja fundi wa maeneo ya stendi ndogo, akaniuliza ile ya zamani iko wapi, nikasema kwenye droo nataka kuitupa. Akaichomeka peke yake kwenye mashine yake ya Linux, ikafunguka, harusi yote ipo mpaka keki! Akanionyesha ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe: namba 5 na 197 (sehemu mbovu za diski) zilikuwa sifuri, iliyopanda ni 199 (makosa ya kusafirisha data), na hiyo mara nyingi ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mashine, umelegea au mbovu. Waya tu aisee. Muwe mnaangalia hizo kabla ya kununua chochote, na 199 hairudi sifuri hata ukibadili waya, we angalia tu kama inaendelea kupanda.

Kingine, wakati wa kujenga upya data kwenye diski mpya seva inasoma diski zote mwanzo mpaka mwisho, ya TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kama saa saba na nusu, kwahiyo usianze bila UPS (betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika) na usiruhusu watoto waangalie muvi humo, maana ikiwepo diski nyingine mgonjwa ndo itafia hapo hapo. Ya zamani usiiguse mpaka umefungua mafaili kadhaa ukayaona kwa macho.

Na pariti sio bakapu, ukifuta faili nayo inafuta na wewe. Ile harusi sasa ina kopi nyingine kwenye diski ya nje, iko Himo kwa dada yangu, kwenye kabati la vyombo vya wageni.