Siku niliyokwenda kushika ngome

Juzi dada mmoja wa hapahapa Bagamoyo kaniandikia. Mwanawe kaanza Kidato cha Kwanza, masomo yamegeuka Kiingereza baada ya miaka yote ya msingi kusoma kwa Kiswahili, na hela ya tuisheni hana. "Kaka, wewe uliwezaje?" Swali limenigusa penye kidonda, maana mimi kabla ya kuweza niliaibika kwanza.

Mwaka 2009 nilipata kazi ya mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni, jina silitaji. Cheti changu kilikuwa na C ya Kiingereza, nikajiona mjukuu wa Malkia. Siku ya tatu meneja, mama wa Kizungu, akachukua funguo za gari akaniambia, "Hold the fort until four." Maneno yote matano niliyasikia. Shika ngome mpaka saa kumi. Hata ile "four" kuigeuza saa kumi nilijipongeza.

Sasa Bagamoyo ngome ni ipi nyingine? Nikafunga mapokezi, ufunguo mfukoni, huyoo mpaka Ngome Kongwe. Nikakaa chini ya ukuta wa mawe ya matumbawe nikingoja wageni wa kupokea. Wakaja watalii wawili, nikawasimamia mlangoni kama askari, wakanipita wakinishangaa. Kivuli kikihama, nami nahama nacho. Saa kumi kamili nikarudi kifua mbele, nikakuta familia nzima imekalia mabegi barazani, mtoto analia, na meneja kafika kabla yangu. Kumbe mama wa watu alitaka nimshikie zamu tu.

Kazi iliota mbawa wiki ileile. Wenzangu wa jikoni, wengine mpaka leo tukikutana soko la samaki, huniita Mlinzi wa Ngome. Nasema nimesamehe, lakini njia ya pale sipiti.

Ilinichukua muda kuelewa kosa langu. Maneno niliyajua, ila sikuwahi kumwona mtu akiyatumia. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia. Mgeni akitufasiri neno kwa neno atatuitia polisi.

Kwa hiyo nyumbani kwangu, mimi na wanangu, ni msemo mmoja wa Kiingereza kwa wiki, kwa chaki, mlangoni pa jikoni. Hausemwi mpaka jambo lenyewe litokee. Wiki ya "spill the beans" kitinda mimba alimbwatukia bibi yake kwamba tumemnunulia kanga za Idi, na ilikuwa siri. Nyumba nzima ikampigia kelele kwa Kiingereza. Bibi akauliza, maharage gani tena yamemwagika? Alipoelezwa akacheka: "Si useme kamwaga mchele penye kuku wengi!" Msemo ule hautasahaulika humu ndani.

Sikukuu nazo ni darasa. Boxing Day, Desemba 26, mimi nilikua nikidhani ni siku ya ndondi. Watoto niliwaeleza kwamba Waingereza walikuwa wakiwapa watumishi wao boksi la zawadi baada ya Krismasi. Wakatafuta boksi la viatu, wakatia sukari na sabuni, wakampelekea kijana wa mkokoteni anayetuletea maji, wakijikakamua kwa Kiingereza. Kijana akawajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu.

Jikoni ni hivyohivyo: taja unachoshika. Binti yangu mbuzi ya kukunia nazi aliiita "goat" siku mbili nzima. Nilimwacha, nikajua atajirekebisha, na akajirekebisha.

Wazazi wenzangu, tamthilia tunazikalia kila usiku, halafu tunasema muda hatuna. Zungumzeni nao. Narudia, zungumzeni nao, hata kwa kuvunjavunja. Heri wakucheke wanao sebuleni kuliko kuchekwa na jiko zima la watu.

Idi iliyopita binti yangu alikuwa anakaanga visheti, mafuta yamechemka, mara akaitwa na wenzake nje. Akanitupia mwiko: "Baba, hold the fort!" Nikamtazama, naye akanitazama, akakimbia huku anacheka. Anaijua hadithi yote.

Nikabaki palepale jikoni, sikwenda popote. Visheti viliungua hata hivyo.