Woga wa Kamera kwa Mtangazaji wa Safari Anayeanza

Msomaji wa habari studioni ana meza ya kuegemea, lakini mtangazaji wa vipindi vya utalii hana hata hiyo. Husimama juani huku upepo ukimpeperushia nguo na wenyeji wakimtazama, na bado anatakiwa azungumze na lenzi kana kwamba inamwitikia. Si ajabu, basi, kwamba mara ya kwanza mdomo hukauka na maneno kupotea. Kazi hii niliianzia Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya kale katika pwani ya kusini ya Tanzania, na tangu hapo nimeamini kwamba sehemu kubwa ya woga huo huletwa na kukariri andiko neno kwa neno.

Anayekariri hujibebesha kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kusema sentensi iliyopo na kuisaka inayofuata, na neno moja likimponyoka mtiririko wote hukatika. Ni afadhali kukariri mpangilio wa vitu vinavyoonekana. Pale Husuni Kubwa, magofu ya kasri la kale kisiwani humo, nilianza na bahari iliyo chini yetu, nikageukia bwawa la pembe nane, nikagusa ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, ndipo nikamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Mmoroko Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Kila kitu kilinikumbusha kinachofuata, macho yakapata pa kutua, na mkono uliokuwa ukitetemeka ukatulia ulipoegemea ukuta. Mwaka wenyewe nilikuwa nimeuandika kiganjani kwa kalamu ya wino usiofutika, maana jasho la Kilwa halina huruma. Sentensi ya kwanza peke yake ndiyo inayostahili kukaririwa, kwa kuwa woga huwa mkali zaidi katika sekunde zile za mwanzo.

Kuhusu pumzi na maji sina mengi ya kusema: vuta pumzi taratibu, kunywa maji ya kawaida, na uiache soda mpaka kazi iishe, kwani kipaza sauti kilichobanwa kifuani hunasa hata mcheuo.

Wanaotazama huogopesha kuliko kamera yenyewe, na dawa yao ni salamu. Vuka mapema kutoka Kilwa Masoko, mji ulio upande wa bara, tembea magofuni na mwongozaji kabla vifaa havijafunguliwa, waamkie wazee kwa shikamoo na uwaeleze mlichokuja kufanya. Mtu mliyekwisha kujuliana hali hakutazami tena kama hakimu, na mara nyingi ndiye atakayewanyamazisha watoto mnapoanza kurekodi.

Lenzi nayo ipe sura ya mtu mmoja unayemfahamu. Mimi humchagua shangazi yangu anayeishi Songea, ambaye hajawahi kufika Kilwa na ambaye hukatiza mazungumzo kwa maswali. Nikimfikiria yeye, sauti yangu hushuka na maelezo huacha kuwa hotuba.

Jambo la mwisho ni la kupatana na mpigapicha. Mwombe asihesabu "tatu, mbili, moja", kwa sababu hesabu hiyo huukaza mwili wote. Aanze kurekodi mkiwa bado mnapiga soga, na asisimame ulimi ukiteleza. Wewe nyamaza kidogo, kisha uirudie sentensi nzima tangu mwanzo wake, ili mhariri apate mahali safi pa kukata.