Gari zito kama limefungwa kamba: maswali na majibu

Kabla ya kununua kipuri chochote, jua kama gari linazuiwa au injini ndiyo haisukumi. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, fika kilomita 40 kwa saa, weka nyutro, achia. Likipunguza mwendo upesi, kuna kitu kinashika. Likiteleza vizuri, achana na breki utafute kwenye injini au gia.

Probox yangu inavutwa kushoto, na gurudumu la mbele upande huo linatoa joto na harufu ya kuungua. Nimebadilisha pedi, hali ni ile ile. (Dereva wa teksi, Kongowea)

Pedi hazikuwa na kosa, ndugu. Kalipa ya upande huo, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haiachii ukishatoa mguu. Hapa pwani chumvi ya bahari hula pini na pistoni za kalipa mapema, lakini usikimbilie kuinunua, kwa sababu huenda tatizo ni hosi, mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye kalipa.

Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua mbele kwa jeki, weka stendi. Mwenzio akanyage breki kwa nguvu kisha aachie. Jaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, chomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa, ncha nyingine iwe ndani ya chupa, kisha legeza nati robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, presha ilikuwa imenaswa. Raba ya ndani ya hosi huvimba na kuchanika: nguvu ya mguu hupitisha mafuta kwenda, lakini kurudi hayana msukumo. Kwa nje hosi huonekana nzima kabisa, ndiyo maana mafundi wengi huipita. Badilisha za pande zote mbili.

Gurudumu likiendelea kugoma, ni kalipa yenyewe. Chomoa pini zake mbili. Zinatakiwa kuteleza kwa nguvu ya vidole. Zenye kutu ya juu juu zisafishe, zenye mashimo zitupe. Paka grisi ya silikoni ya breki. Ile ya beringi huvimbisha raba, na baada ya muda pini hukwama tena. Kisha rudisha pistoni ndani kwa klampu nati ikiwa imelegezwa. Ikienda kwa shida au ikiwa na mashimo ya kutu, weka pistoni na raba mpya, au kalipa nzima. Malizia kwa kutoa upepo, ukitumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake, mara nyingi DOT 3.

Tafadhali usishuke nalo feri ya Likoni kabla hujalitengeneza. Mafuta ya breki yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali itazama hadi sakafuni ukiwa kwenye mteremko unaoishia majini.

Langu hushika magurudumu yote manne nikiwa kwenye foleni ya Changamwe. Likipoa linaachia. (Msomaji, Miritini)

Yote manne kwa pamoja: tazama juu, kwenye pedali na masta silinda, yaani pampu kuu ya mafuta ya breki. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa, kisha bonyeza pedali kwa kidole. Kwa magari mengi madogo lazima kuwe na mchezo wa milimita 1 hadi 6 kabla ya kuhisi uzito. Kama hakuna, huenda swichi ya taa za breki imesogezwa mno ikaibana pedali, au fimbo ya kusukuma masta silinda imerefushwa kupita kiasi. Tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, mafuta yakipata joto hutanuka, na breki hujikaza zenyewe.

Uliza pia kama kuna aliyeongeza mafuta ya injini au ya stelingi kwenye chombo cha breki. Hayo huvimbisha raba zote. Hapo kutoa upepo hakuponyi kitu: osha mabomba, badilisha masta silinda, hosi na kila raba ya mfumo.

Vitz imekaa wiki mbili karibu na bahari. Magurudumu ya nyuma hayazunguki. (Mama wa Nyali)

Viatu vya breki vimeshikana na dramu kwa kutu. Usilazimishe kwa injini, mama, utang'oa bitana za viatu. Zuia magurudumu ya mbele, achia breki ya mkono, inua nyuma na utoe magurudumu, kisha gonga dramu pembeni kwa nyundo ya raba. Ikikataa, dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye uzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja moja kwa zamu, itajisukuma nje. Piga msasa kutu. Ukirudisha, kaza kirekebishaji cha viatu hadi dramu igande, kisha rudisha meno 8. Safari nyingine, liegeshe kwenye P na mawe chini ya matairi, breki ya mkono ikiwa wazi.

Linateleza vizuri, lakini mlima wa Mazeras linanishinda. (Msomaji, Jomvu)

Angalia mshale wa mizunguko ya injini. Mshale ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi au gia inateleza. Kwa gia ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda), hakikisha yamo mafuta ya CVT ya aina iliyotajwa kwa gari hilo; ya otomatiki ya kawaida huiharibu. Mshale ukikataa kupanda, injini inakosa pumzi: anza na chujio cha hewa na cha petroli, kisha ekzosi. Injini ikiwa baridi, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, jaribu gari kwa mwendo mfupi. Nguvu zikirudi, huenda katalisti, kile kisafishio cha moshi ndani ya ekzosi, imeziba.

Upepo wa tairi unaweza kulifanya zito? (Msomaji, Mtwapa)

Ndiyo, sana, ukiwa mdogo. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva.