Programu Hukwama Baada ya Saa Kadhaa: Je, Niongeze RAM?

SWALI: Mhariri, nimeandika kwa lugha ya C programu inayosoma rekodi kutoka kwenye faili kubwa na kuzikagua moja baada ya nyingine. Mwanzoni huenda vizuri, lakini baada ya saa kadhaa hujikokota, kisha hukwama na kuifanya kompyuta nzima iwe nzito. Nikiifunga na kuifungua tena, hurudia uzima wake. Wenzangu wananishauri niongeze RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Je, itafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue chochote kwa sasa. Programu inayopona kila inapofunguliwa upya inatia shaka kwamba inaomba kumbukumbu (nafasi katika RAM) bila kuirudisha, kwa kuwa mfumo endeshi huichukua yote pindi programu inapofungwa. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno, na ndiyo maana hata programu nyingine huzorota. Gigabaiti 8 zingeahirisha tu tatizo.

Pima kwanza. Ukitumia Linux, fungua top, programu inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, kisha andika kila baada ya dakika 10 tarakimu iliyo kwenye safu ya RES (RAM inayotumiwa na programu) pamoja na idadi ya rekodi zilizokwisha kusomwa. Tarakimu ikipanda kisha ikatulia, hayo ndiyo mahitaji halisi ya programu. Ikipanda sambamba na rekodi bila kukoma, kumbukumbu inavuja. (Ikiwa imetulia huku prosesa ikifanya kazi kwa asilimia 100, shuku kitanzi kisicho na mwisho.)

Mahali ninapokuomba upatazame kwa makini ni njia ya makosa. Mara nyingi mwandishi huita malloc (kuomba kumbukumbu) mwanzoni mwa kitendaji na free (kuirudisha) mwishoni, lakini katikati huweka sharti kwamba rekodi ikiwa mbovu, kitendaji kirudi papo hapo, na hapo free haifikiwi kamwe. Ikiwa kila rekodi mbovu inaacha baiti 2,048, rekodi milioni moja za namna hiyo zitameza takriban gigabaiti 2.

Kusanya (compile) programu yako upya kwa chaguo la -g, linalohifadhi taarifa za mistari ya msimbo, kisha iendeshe ndani ya Valgrind, zana ya kusaka uvujaji wa kumbukumbu, kwa --leak-check=full, ukitumia faili dogo lenye rekodi mbovu chache, kwa sababu Valgrind hupunguza mno kasi ya programu. Kumbuka kwamba mstari itakaokuonyesha ni ule ulioomba kumbukumbu. Mahali ilipopaswa kuachiliwa utapatafuta mwenyewe, ukifuata kila njia ya kutokea. Ukisharekebisha, rudia kipimo cha RES kwa faili lile kubwa.